Mtoto wa Ngiri na Waya wa Breki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifagia karakana ya mjomba. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, meza ya kazi iliyojaa grisi, na baiskeli zilizoning'inizwa kwenye boriti. Spoku zilizovunjika nilizitia kwenye kopo, vipande vya tyubu kwenye ndoo, na nyaya za breki zilizokatika kwenye debe nyuma ya mlango. Mjomba alikuwa akinywa chai yake amesimama huku akinitania.

"Mashoto, mbona leo unafagia kama unamfukuza mtu?"

Kila mtu aliniita Mashoto kwa sababu kila kitu nilikifanya kwa mkono wa kushoto: kuandika, kukata mboga, kutupa mawe. Na siku hiyo kweli nilifagia kwa hasira. Kulikuwa na jambo nililolikumbuka wakati nakunywa uji.

Sikumaliza kufagia. Babu aliingia bila kupiga hodi. Babu ni baba wa mjomba na wa mama yangu, mzee mwembamba, mrefu, anayetembea bila kusikika. Kwa mkono mmoja alikuwa amekumbatia shati lake lililoviringishwa, na ndani ya shati kulikuwa na kitu kinachopiga mateke. Mkono wa pili ulikuwa na waya. Aliutupa mezani kwa nguvu hadi spana zikaruka.

"Waya huu ni wa nani?"

"Shikamoo, Baba," mjomba alisema.

"Sikuja kuamkiwa. Nimeuliza, ni wa nani?"

Mjomba aliutazama. "Ni waya wa breki. Nyaya za breki ziko kila mahali."

"Na fundo je? Fundo nalo liko kila mahali?"

Mwisho wa waya ulikuwa umefungwa fundo la kamba ya upinde. Ni fundo la mizunguko mitatu, kisha ncha inapitishwa chini na kukazwa. Babu alilifundishwa na baba yake, ambaye naye alifundishwa na wake.

"Fundo hili nimewafundisha watu wawili tu katika maisha yangu," Babu alisema. "Mmoja ni wewe. Mwingine ni mtoto." Alininyooshea kidole bila kunitazama, kama anayeonyesha kigoda. "Nimemkuta ngiri jike amekufa, amekabwa shingo kwenye njia ya dimbwini. Amekaa pale siku mbili. Watoto watatu wamekufa wakimng'ang'ania. Amebaki huyu."

Alifungua shati. Kichwa kidogo cha kijivu kikatokeza, kikatutazama kwa chuki, kikapiga chafya.

"Baba, mimi sijatega hata panya tangu niache kuwinda," mjomba alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda.

"Fundo linasema vingine."

"Sema tu unachotaka kusema! Miaka kumi na mitano una kinyongo na mimi kwa sababu niliacha upinde nikashika spana. Leo umepata sababu, basi furahi!"

"Usinipandishie sauti!"

"Na wewe usiniite mwizi wa pori ndani ya karakana yangu!"

Mimi nilisimama na ufagio wangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, nalo lingemaliza ugomvi wote. Sikulisema. Aliyetega waya ule nilikuwa mimi.

Ilianza shuleni, kwa msichana niliyekaa naye dawati moja. Tulimwita Redio kwa sababu alikuwa hazimiki. Siku moja mwalimu alitufundisha kwamba watu wa ukoo wetu waliishi katika nchi hii kwa upinde na mishale kabla ya barabara, kabla ya machimbo ya kokoto, kabla ya shule yenyewe. Nilifurahi nikakaa wima. Redio akaninong'oneza kwa sauti ambayo darasa zima liliisikia: "Na wewe Mashoto umewahi kuwinda nini, zaidi ya chawa?"

Darasa likaangua kicheko. Nilirudi nyumbani nimefura. Nilimwomba Babu anichukue porini, akanijibu vilevile alivyonijibu kila mwaka: "Ukikua." Basi nikaenda kwenye debe la mjomba, nikachukua waya mmoja, nikautega mwenyewe. Nilitaka sungura mmoja tu, nimwonyeshe Redio masikio yake. Kesho yake tulikuwa na mechi, keshokutwa ikanyesha mvua, na mimi nikausahau kabisa hadi asubuhi ile ya uji.

Wakati ule sikujua, au sikutaka kujua, kwamba waya ni kosa kubwa kiasi gani. Ukoo wetu una kibali cha kuwinda, na kibali kinasema upinde tu. Waya ukionekana na mwenyewe asijulikane, kibali kinafutwa kwa ukoo mzima. Kwa Babu na wazee wenzake hicho ndicho chakula chao. Tena Babu alichukia waya hata kabla ya kuwa na kibali. "Mshale unakwenda na macho ya mtu," alikuwa akisema. "Waya hauna macho. Hauoni kama huyu ni jike ananyonyesha."

Kabla ya kutoka karakana siku ile, Babu alisema maneno mawili. La kwanza, hatashika upinde mpaka yule mtoto wa ngiri arudi kwao. La pili, afisa wanyamapori akija mwisho wa mwezi kukagua vibali, atampa jina la mwenye waya kwa mdomo wake mwenyewe, hata kama ni mwanawe.

"Mpe," mjomba alisema. "Mpe na picha yangu kabisa."

Wiki tatu zilizofuata nyumba yetu haikukalika. Babu alikaa kwenye chumba cha uani na hakukanyaga karakana. Mjomba hakukanyaga uani. Mama ndiye aliyebeba sahani kwenda huku na kule, na kila mmoja alimpa ujumbe wa kumfikishia mwenzake. "Mimi si posta!" Mama alifoka siku moja, akaweka sufuria chini kwa kishindo. "Watu wazima wawili, na ngiri ndiye mwenye adabu kuliko ninyi!"

Huo ulikuwa uongo. Yule ngiri hakuwa na adabu hata chembe. Mama alimwita Kero, na jina likamkaa. Aliuma soksi zangu, alipindua ndoo ya maji, alimkimbiza jogoo wa jirani huku mkia umesimama wima. Ukimzuia alikupiga kichwa kwenye ugoko. Mtu mmoja tu alimtii. Babu alikuwa akimnywesha maziwa kila baada ya saa chache, amepiga magoti chini, na Kero naye akipiga magoti mbele yake, kwa maana ngiri hula wamepiga magoti. Siku za mwanzo maziwa yalimwagika kwa sababu chupa haikuwa na chuchu. Ndipo mjomba akamkabidhi Mama kipande cha mpira wa valvu, laini, kilichosafishwa vizuri.

"Mwambie sijamtumia yeye," alisema. "Nimemtumia ngiri."

Babu alikichukua, akakifunga kwenye chupa. Kero alinyonya hadi tumbo likawa kama ngoma.

Lakini Babu hakumbembeleza. Hakumwimbia, hakumkuna tumbo, wala hakuniruhusu nimshike. Kila asubuhi nilitumwa dimbwini na ndoo kuleta tope, naye Babu akampaka Kero mwili mzima. "Asinuke watu," alisema. "Akinuka watu, wenzake watamfukuza." Kwa hiyo kila asubuhi nilipita pale pale nilipotega, nikibeba tope lililonichuruzikia sare ya shule. Nilimchukia ngiri yule. Nilimchukia Redio, nilimchukia Babu kwa kusema "mtoto" kama vile nisingeweza kuwa mtu. Nilimkasirikia hata mjomba kwa kutonishuku. Niligawa hasira kwa kila mtu, nikajibakizia mimi kidogo sana.

Jioni moja ya Jumamosi Babu aliniachia Kero nimwangalie wakati yeye anaoga. Kero alitoweka mara moja. Nilimtafuta nyuma ya pipa, chini ya kamba za nguo, jikoni. Nilimkuta chumbani kwa Babu, ndani ya boksi la viatu lililolala ubavu chini ya kitanda. Alikuwa amejigeuza, uso unatazama nje. Hakunipiga kichwa. Alitazama nyuma ya miguu yangu, kimya kabisa, masikio yamesimama.

"Toka!" nilimwambia. Hakutoka.

Babu aliingia na taulo begani, akachungulia. "Mwache."

"Anafanya nini?"

"Kila siku saa hizi anafanya hivyo. Ngiri wana shimo lao la kulala. Watoto huingia kwanza, kichwa mbele, halafu wanageuka. Mama huingia wa mwisho, kinyumenyume, meno yake yakiwa nje. Yeye ndiye mlango." Babu alikaa kitandani, na sauti yake ikashuka. "Huyu anasubiri mlango ufungwe."

Niliondoka mbio. Nilikwenda bafuni, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalia kwa hasira, na kwa mara ya kwanza hasira ile yote ilikuwa yangu mwenyewe. Hata hivyo sikusema. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ilipofika nikajiambia vilevile.

Siku ya afisa ikafika. Alikuwa mama mnene mwenye sare ya kijani na kalamu nyuma ya sikio. Babu alikuwa ameagiza tukutane karakana, kwa hiyo alilazimika kuingia mle kwa mara ya kwanza tangu ugomvi. Afisa alikaa kwenye kreti, akafungua daftari. Waya ulikuwa mezani. Babu alieleza kila kitu, sauti kavu: njia, dimbwi, jike, fundo.

"Na fundo hilo ni la nani, mzee?"

Babu alimwonyesha mjomba kwa kidevu. "La mwanangu."

Afisa alimgeukia mjomba. "Fundi, hili ni jambo la mahakamani. Una la kusema?"

"Mzee ameshasema," mjomba alijibu. Alikuwa anafuta spana safi kwa kitambaa, anaifuta tu. "Yeye ndiye msoma nyayo. Mimi ni mziba pancha."

Afisa akachomoa kalamu. Niliona ncha yake inagusa karatasi.

"Ni mimi," nilisema.

"Mashoto, nenda nje," Babu alisema. "Haya si mambo ya watoto."

Nadhani neno lile ndilo lililonifungua mdomo kabisa. "Ni mambo ya watoto!" nilipiga kelele. "Mimi ndiye niliyetega! Nilichukua waya kwenye debe, nikatega, nikasahau! Niliyemuua mama yake Kero ni mimi!"

Kisha Babu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Usimwokoe mjomba wako kwa uongo. Kaa kimya."

Hakuniamini! Wiki tatu niliogopa kusema ukweli, na sasa nimeusema hakuna aliyeutaka. Nilikwenda nyuma ya mlango, nikachomoa waya mwingine kwenye debe, nikaja nao mezani. Mbele yao wote nikafunga fundo: mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, ncha chini, kaza. Nikauweka kando ya ule wa porini.

"Sasa mjomba naye afunge lake," nilisema.

Mjomba hakutaka. Afisa akamwambia, "Funga, fundi." Akafunga. Sasa zilikuwa nyaya tatu mezani.

Babu aliinama. Alizitazama kama anavyotazama ardhi, kwanza kwa mbali, kisha karibu. Fundo la mjomba lilizunguka kuelekea kulia. Langu lilizunguka kuelekea kushoto. Fundo la porini nalo lilizunguka kuelekea kushoto.

Aligusa fundo moja baada ya jingine kwa ukucha. Hatimaye Babu alinyanyuka, na hakunitazama mimi. Alimtazama mwanawe.

"Mimi naweza kukuambia swala amepita lini na mguu gani unamuuma," alisema. "Fundo hili lilikuwa mkononi mwangu wiki tatu. Sikulitazama. Nilipoliona tu nilikuwa nimeshakasirika, nikakutazama wewe. Nisamehe, mwanangu."

Mjomba aligeukia ukutani, akajifanya anatundika spana. "Yameisha, Baba," alisema, na spana ikamponyoka ikaanguka.

Hakuna aliyenikumbatia. Nasema hivi ili usidhani ukisema ukweli basi watu wanakupigia makofi. Mjomba aliniambia, "Wiki tatu, Mashoto. Ulikuwa unafagia hapa kila asubuhi ukiniangalia usoni." Mama aliposikia, alinipa kazi za ndani hadi mikono ikauma. Babu hakusema nami siku mbili.

Afisa alikuwa amefunga daftari na kufikiri. Alisema kibali cha ukoo kitabaki, kwa kuwa mwenye waya amejulikana, naye ni mtoto aliyejitokeza mwenyewe. Lakini kwa miezi mitatu, kila Jumamosi, nitakwenda porini na Babu kutafuta nyaya na kuzitoa, na nitampelekea yeye ofisini nyaya hizo kwa mkono wangu. Mjomba naye aliambiwa aweke kufuli kwenye debe lake. Jumatatu nilimweleza Redio kila kitu, kabla hajasikia kwa wengine. Kwa mara ya kwanza redio ile ilizimika yenyewe.

Siku ya tatu Babu alinigongea mlango mchana. "Lete tope," alisema. "Leo anakwenda."

Mjomba alifunga kreti nyuma ya baiskeli, Kero akatiwa ndani, amepakwa tope hadi kope, akipiga kelele njia nzima. Tulipita machimbo, tukaacha baiskeli, tukatambaa. Babu alishika vumbi akaliachia aone upepo unakoelekea, kisha akatuzungusha upande wa pili. Mbele yetu, karibu na kichuguu, majike wawili wa ngiri walikuwa wanakula wamepiga magoti, na watoto watano wakizunguka kati yao. Babu alikuwa amewafuatilia tangu wiki ya kwanza. Alisema majike hao hunyonyesha watoto hata wasio wao, ila wakiwakubali kwa harufu.

Alimfungulia Kero. Kero alitazama wenzake, akageuka, akarudi kwa Babu akapiga magoti asubiri chupa.

Nilimwona Babu anafumba macho. Hakumgusa. Hakusogeza hata kidole. Alilala pale kama gogo, mzee yule aliyemlea kila saa kwa wiki tatu, mpaka Kero akachoka kumsubiri, akakasirika, akampiga kichwa begani, akaenda zake.

Jike mmoja alimwona. Alimjia mbio, meno mbele. Mjomba alinishika mkono. Jike alimsukuma Kero kwa pua hadi akabingirika, akamnusa tope, akamnusa tena, kisha akaendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea. Kero alijiunga na wale watano.

Tulikaa hadi jua lilipolegea na ngiri wakaelekea kwenye shimo lao chini ya kichuguu. Watoto waliingia kichwa mbele, mmoja mmoja. Nilihesabu kwa sauti ya chini. Wa sita alikuwa Kero. Jike mmoja akageuka akaingia kinyumenyume, kisha wa pili naye, hadi ikabaki pua yake na meno yake tu mlangoni.

"Umefungwa," Babu alisema.

Njiani nilitembea nyuma yao, nikitazama chini. Babu alinisubiri tukawa sambamba.

"Nimekasirika nawe bado," alisema.

"Najua, Babu."

"Nisikilize basi nikiwa nimekasirika, kwa maana sitakubembeleza. Ulitega waya siku moja, kwa ujinga. Ujinga wa mtoto nausamehe. Lakini kila asubuhi uliyoamka ukanyamaza, uliutega upya, na aliyenaswa ni mjomba wako. Ukikosea, nenda ukautegue siku hiyohiyo, kabla haujapata shingo ya mtu mwingine. Na mimi pia nimejifunza, uzee huu: mtu mwenye hasira asisome nyayo za mtu."

"Ndiyo, Babu."

"Jumamosi asubuhi uwe tayari. Chukua koleo kwa mjomba wako. Mwombe kwanza." Alitembea hatua chache, kisha akaongeza bila kugeuka: "Na hilo fundo lako ni zuri. Limekaza kuliko la fundi."

"Nimesikia!" mjomba alipaza sauti mbele, akiisukuma baiskeli yenye kreti tupu.